Jani Juu ya Ndoo: Kuokota Maandishi Katika Siku ya Kawaida

Katika vijiji vya Dodoma na Singida, mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani mara nyingi ameweka kitawi chenye majani juu ya maji, au bakuli la plastiki linaloelea. Mgeni hudhani uchafu umeingia. Jani lile lina kazi. Mwendo wa miguu huyatikisa maji, na kila hatua hulisukuma tena wimbi lililoanzishwa na hatua iliyopita, mpaka maji yaruke ukingo. Kitu kinachoelea hulivunja wimbi likiwa bado dogo. Ikimwagika robo ya ndoo, hizo ni lita tano zilizobebwa bure, na shingo haisahau.

Waandishi wawili wakiliona jani hilo, wa kwanza hukimbilia somo: maishani, anaandika, tunahitaji kitu kidogo cha kututuliza. Sentensi imeisha, naye ameishiwa. Wa pili huamkia, hupokelewa, kisha huuliza: "Mama, hilo jani ni la nini?" Huenda jibu lisitaje wimbi hata kidogo. Huenda akaambiwa kwamba maji yakimwagika yanamlowesha mtoto aliyebebwa mgongoni, mtoto analia, na mtoto akilia njia inarefuka. Sasa kuna mtoto, kuna mgongo uliolowa, kuna njia yenye urefu wake. Hapo mtu anaweza kuandika kurasa tatu.

Sisi tunaoandika na kufundishana kuandika huku kanda ya kati tumeliona hili mara nyingi kiasi cha kuliamini: anayelalamika kwamba hana msukumo kwa kawaida amefika kwenye somo kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Yafuatayo ni namna ya kufika kwenye jambo. Kazi yenyewe ni ya mikono zaidi ya vile watu wanavyodhani.

Daftari, penseli na vumbi

Nunua daftari la shule la kurasa 80, upeleke stesheneri yenye mashine ya kukatia karatasi, wakate katikati kwa upana. Unapata madaftari mawili yanayoingia mfuko wa shati. Daftari kubwa hubaki nyumbani, na daftari lililobaki nyumbani halioni kitu. Kaunta buku nalo utalihitaji, lakini la kukaa mezani. Kazi yake tutaifikia.

Andikia penseli ya HB. Kati ya Juni na Septemba Dodoma ina upepo na vumbi, na kalamu ya wino ikipita juu ya karatasi yenye vumbi au alama ya mafuta ya chapati huruka herufi. Wino ukilowa jasho au tone la mvua husambaa. Penseli haina tabia hizo. Ichonge pande zote mbili, kwa sababu ncha huvunjika wakati ule ule mtu anaposema jambo la maana. Upepo ukikusumbua kurasa, zifunge kwa mpira mwembamba ule wa kufungia noti, juu na chini.

Simu tunaipenda kama watu wengine, ila kwa kazi hii ina dosari moja kubwa. Ukipiga picha ya mama anayekaanga, akili inaamini imeshahifadhi. Wiki ikipita unaifungua na kukuta karai, moshi na kanga, lakini hukumbuki kwa nini ulisimama. Picha ilichukua kila kitu kwa usawa, wakati wewe ulisimamishwa na kitu kimoja. Penseli hukulazimisha kuchagua kitu hicho hapo hapo. Ukitaka picha, ipige baada ya kuandika.

Mistari sita

Dakika kumi kwa siku zinatosha, na mistari sita inatosha. Wa kwanza ni saa, mahali na hali ya hewa ya pale ulipokaa. Wa pili ni kitu kimoja kilichosogea. Wa tatu ni mkono wa mtu: ulishika nini, ukaachia nini. Wa nne ni neno lililosemwa, kama lilivyosemwa, na makosa yake na Kigogo chake. Wa tano ni idadi au bei. Wa sita ni harufu au sauti. Ukurasa wa kushoto uache mtupu kwanza, kazi yake tutaifikia. Mpangilio huu unaweza kuubadilisha ukishauzoea, lakini mwezi wa kwanza ufuate kama dozi.

Haya ndiyo maandishi tunayokutana nayo mara nyingi kwa anayeanza:

"Asubuhi njema mjini. Mama lishe anajituma sana. Pilikapilika zimeshaanza. Nimejifunza kwamba bidii hulipa."

Sentensi nne, na hakuna hata moja iliyohitaji mtu kutoka kitandani. "Pilikapilika" inaweza kuwa Kariakoo, inaweza kuwa Mwanza. Sasa tuseme mtu yule yule alikaa mahali pale pale akaandika mistari sita:

"Jumanne, saa 12:20 asubuhi, kijiwe cha bodaboda jirani na soko la Majengo, baridi. Mvuke wa hotipoti umeenda upande wa barabara. Mama ameweka chapati tisa ndani, ya kumi ameiacha juu ya mfuniko, ameifunika kwa sahani. Kijana wa bodaboda: 'Hiyo ya juu ya nani?' Mama: 'Ya anayekuja na hasira.' Chapati sh. 500. Pikipiki moja inawashwa, inazima, inawashwa."

Hatumjui anayekuja na hasira. Ni mume? Ni mteja anayedaiwa? Ni mgambo? Msukumo wenyewe ndiyo huo: swali linalokufuata mpaka kitandani. Na bidii, ile iliyotajwa kwa jina katika maandishi ya kwanza, hapa imeonekana bila kutajwa, maana mtu aliyekwisha kukaanga chapati kumi kufikia saa 12:20 aliamka saa ngapi?

Usiandike usiku kile ulichokiona asubuhi, kama unaweza kuepuka. Kufikia usiku kumbukumbu imeshafagia uwanja. Imeondoa chapati ya kumi kwa sababu haikuelewa iliwekwa pale kwa nini, na imebakiza "mama anayejituma" kwa sababu huyo anaeleweka.

Tazama mikono, uliza sababu

Ukishindwa kupata cha kuandika, tafuta mtu anayefanya kazi anayoijua vizuri na utazame mikono yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuondoka katikati. Chapati yenyewe ni shule. Kilo moja ya unga wa ngano, maji vuguvugu nusu lita na kidogo, chumvi, mafuta. Inatoa chapati kumi hadi kumi na mbili kutegemea mkono wa mpishi. Anakanda, anaacha donge lipumzike chini ya kitambaa, anakata, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja kama kamba kisha anazungusha kama konokono, anaacha tena lipumzike, ndipo anasukuma mara ya mwisho. Ukiuliza kwa nini haisukumi moja kwa moja, utaambiwa itakuwa ngumu na haitachambuka. Mafuta yaliyofungiwa katika mizunguko ndiyo yanayotenga tabaka, na donge lisilopumzishwa hurudi nyuma kila linaposukumwa. Mtu aliyeandika hayo ana kitu mkononi. Aliyeandika "mapishi ni sanaa" ana mikono mitupu.

Mlenda nao. Kwa wasioujua, majani makavu yaliyotwangwa huingia kwenye maji yanayochemka yenye magadi kidogo, huku mpishi akikoroga. Magadi yakipungua majani hukawia kulainika. Yakizidi, chungu chote kinakuwa na ladha ya sabuni na hakuna nyanya wala karanga itakayokiokoa. Mezani, mlaji mzoefu huchovya tonge, hunyanyua, kisha huzungusha kifundo cha mkono kuukata uzi wa mlenda. Mgeni huvuta kwenda juu, uzi unamfuata mpaka kidevuni. Ukitaka kuonyesha katika hadithi kwamba mhusika fulani ni mgeni Dodoma, huna haja ya kusema ametoka wapi. Mpe tonge.

Na kiangazi nenda kwenye korongo lililokauka. Watu huchimba shimo kwenye mchanga, hungoja maji yajichuje kutoka pembeni, huchota kwa kata, hungoja tena. Anayechota kwa pupa huangusha kingo na kupata tope. Hesabu kata zinazojaza dumu moja, na angalia kinachofanywa katikati ya kata na kata: maneno gani yanasemwa, nani anasuka nani nywele. Maongezi ya kisimani yana urefu wa maji kujaa. Sentensi zake hukatika maji yakifika, na mazungumzo ya namna hiyo ukiyaandika kwa mkato wake yanaleta korongo zima ukurasani.

Maneno ya kazi

Kila kazi ina msamiati wake, na msamiati huo ni dhahabu iliyolala barabarani. Sokoni nafaka hupimwa kwa sado, neno lililotokana na kopo la rangi la Sadolin, la lita nne hivi. Muuza mtama akijaza sado, angalia juu: je, amesawazisha kwa kiganja au ameacha kilima? Kilima kile ni uhusiano. Anayemjua mnunuzi huacha kilima, asiyemjua hupitisha kiganja. Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi, neno ni lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu ili lichukue zaidi ya kipimo. Mkulima aliyewahi kuuziana kwa lumbesa hahitaji kuelezwa dhuluma ni nini. Kwenye daladala kuna deiwaka, anayeshika gari la mwenzake kwa saa chache. Kwa fundi ujenzi kuna kozi, timazi na pima maji. Kwa fundi cherehani, bobini na oveloki.

Weka kurasa nne za mwisho za daftari kwa maneno hayo, kila neno na sentensi uliyolisikia ndani yake. Neno peke yake, bila sentensi yake, hufa haraka. Ukiandika tu "lumbesa: gunia kubwa", baada ya mwezi unalo gunia kubwa.

Tahadhari moja ya sokoni, na si ndogo. Mtu anayeandika kwenye kijidaftari huku akiangalia meza za watu huonekana kama afisa ushuru. Bei zitabadilika, midomo itafungwa, na wengine watakunja biashara. Nunua kwanza, hata fungu la nyanya, ukae kwenye kigoda kama mteja. Salimia inavyopasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaandika nini, ushuru?"

Jibu kweli: unaandika maneno na mambo unayoyaona, na kama hapendi utafunga. Wengi watakucheka, watakupa kazi ya kushika mfuko, halafu watakusahau. Kusahauliwa huko ndiko unakokutafuta.

Mashamba ya zabibu

Mzabibu tutaukalia kidogo, kwa sababu Dodoma ndiyo nchi yake na kwa sababu watu huutumia vibaya. Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, ukipita wakati wa kupogoa utakuta mashamba yanaonekana kama yamekufa: nguzo, waya, na vijiti vya kahawia. Kinachofanyika ni hiki. Baada ya mavuno mkulima hupunguza au kukata maji, mzabibu upumzike kwa wiki kadhaa. Kisha huingia na mkasi na kukata matawi ya msimu uliopita, akibakiza kwenye kila tawi macho mawili au matatu. Hapo anarudisha maji. Macho yanafumuka, na maua na vichala hutoka kwenye machipukizi hayo mapya. Kutoka kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi minne, ndiyo maana Dodoma inaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, na tena karibu na Agosti na Septemba.

Anayeogopa kukata hupata kijani kingi. Majani hujazana, hewa haipiti, ugonjwa wa ubwiri unaingia hasa msimu wa mvua, na vichala vinakuwa vingi na vidogo. Anayekata ovyo, akamaliza macho yote, hana mavuno. Kwa hiyo mkulima anayejua kazi anapotazama tawi hatazami urefu wake. Anahesabu macho.

Mwandishi anayefanya marekebisho anaweza kujifunza hapo, na mfano huo ni rahisi mno, umeshatumiwa na wahubiri na wakufunzi wa biashara mpaka umechakaa. Sisi tunabakiza kipande kimoja tu, kile cha macho. Ukisoma rasimu yako, usiulize sentensi ipi ni nzuri. Uliza ipi inaweza kuchipua nyingine. "Ya anayekuja na hasira" ni jicho. "Mama lishe anajituma" ni tawi refu lenye majani. Katika rasimu ya maneno 1,000 si ajabu kubaki na 600, na si ajabu mia moja ya hayo yakawa mapya kabisa, yaliyotoka baada ya kukata.

Na kata kwa mkupuo mmoja, daftari likiwa limepumzika siku saba au zaidi. Kukata siku ile ile uliyoandika kuna hatari yake: bado unapenda jasho lako.

Waliotangulia hawakuweka maelezo

Jina la Dodoma lenyewe, kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama. Tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia. Kuna masimulizi mengine pia, lakini lililosalia ni hilo. Aliyelisema alitaja kilichotokea, kwa kitenzi kimoja. Hakusema "tuwe waangalifu majini." Kitenzi hicho kimekuwa stesheni ya reli, makao makuu kwa uamuzi wa mwaka 1973, na jiji kuanzia 2018.

Panda kaskazini mpaka Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna maeneo zaidi ya 150. Utaona twiga, swala wakubwa waitwao pofu, watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, na juu ya mengine michoro myeupe ya baadaye. Mengine hayaeleweki, na wenyeji bado wanayapa baadhi ya maeneo hayo heshima ya ibada. Mchoraji aliona mnyama, akaacha mnyama. Kaa mbele ya mwamba mmoja nusu saa, chora kwa penseli mstari mmoja tu wa mgongo wa twiga, utagundua ni mistari mingapi alikataa kuichora. Usiguse mwamba wala kuumwagia maji ili rangi ikolee. Ndivyo michoro inavyofutika.

Au sikiliza ilimba, ile marimba ya Wagogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Kati ya vyuma vyake vipo ambavyo vidole havivigusi kabisa. Vimewekwa ili vitikisike vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Kwenye ubao kuna matundu yaliyozibwa kwa utando mwembamba wa kiota cha buibui, nao ndio unaotoa ule mvumo wa kukwaruza. Fundi wa kwanza kufanya hivyo alimtazama buibui kwa makini kuliko tunavyomtazama sisi, ambao tunaye kila kona ya dari na fagio mkononi. Maandishi mazuri nayo huwa na vyuma visivyopigwa. Jina la mtoto aliyefariki, ambalo mama hulitaja mara moja tu akihesabu sahani, linatosha. Ukiligonga kila ukurasa linaacha kulia.

Mambo yanayoharibu

Baya kuliko yote ni kufika na picha tayari kichwani. Dodoma ina picha zake za kukodi: ukame, vumbi, na ule utani wa zamani wa kumhusisha Mgogo na kuomba barabarani. Anayekuja na utani huo ataona huo tu, atapita mbele ya mwanamke anayepiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja na mikono yote miwili ikisema, na bado ataandika vumbi. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Hiyo ni hali. Namna watu wanavyoishi nayo, tembe yenye paa la udongo, uwele na mtama badala ya mahindi kwenye shamba la juu, ilende, majani ya mlenda, la kukaushwa kwa ajili ya miezi isiyo na mboga, huo ndio utajiri wa kuandikwa.

Kosa jingine ni methali. Kiswahili kimetujalia methali kwa kila hali, na ndiyo maana ni hatari: inakuja haraka, inafunga mlango. Methali ikikujia, iandike kwenye ule ukurasa mtupu wa kushoto, kisha uulize ni kitu gani katika tukio hili kinakataa kuingia humo. Kilichokataa ndicho chako.

Kutoandika tarehe ni kosa dogo linalouma baadaye. Mambo ya kawaida hupotea bila kuaga. Abiria wa reli ya zamani walinunua vyakula dirishani, stesheni kama Kintinku na Saranda, mkono unatoka na noti, mkono unaingia na mfuko, garimoshi limeshaanza kutambaa na chenji haijarudi. Treni ya reli mpya ya SGR iliyofika Dodoma 2024 ina madirisha yasiyofunguka. Aliyeandika "wachuuzi wa dirishani" bila tarehe hajui tena ameandika habari za lini.

Jumapili, kwenye kaunta buku

Mara moja kwa wiki, pengine Jumapili jioni, fungua kidaftari na ukisome taratibu. Nakili kwenye kaunta buku yale tu ambayo bado yanakusumbua. Kati ya siku saba, mbili zikistahili kunakiliwa, wiki imekuwa njema. Usione uchungu kwa zilizobaki. Juu ya kila ukurasa andika nomino moja: ndoo, sado, kifundo, dirisha. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kama kurasa ishirini na kitu, na nomino zake ndizo faharasa yako.

Halafu gonganisha. Chukua mbili zilizo mbali, uziweke pamoja bila kuzieleza. Chapati iliyowekwa juu ya mfuniko na kilima kilichoachwa juu ya sado: vyote viwili ni ziada iliyowekewa mtu fulani, kimoja kwa hofu na kingine kwa mapenzi. Au ni kinyume chake? Hapo kuna shairi, au mwanzo wa tamthilia ya watu wawili. Ikishindikana, rudisha zote mbili, jaribu na nyingine. Migongano mingi haitoi cheche.

Kabla ya kutoa kitu nje, pitia upande wa haki. Katika kijiji kidogo, "mama mmoja mwenye kanga iliyoungua pindo" ni jina kamili. Badilisha mbili kati ya tatu: jina, kazi, mahali. Usibadilishe kile kilicholifanya jambo liwe kweli. Kama ni habari ya ndani ya nyumba ya mtu, ugonjwa, deni, ndoa, mpelekee umsomee kwa sauti. Akikataa, basi. Watoto usiwatambulishe kabisa. Sauti ya mtu usiirekodi kwa siri. Mistari sita inatosha, na ina adabu zaidi.

Mwisho ni mchwa. Nyumba nyingi za Dodoma zinao, na karatasi wanaipenda. Kaunta buku lisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani, hasa ukuta wa udongo. Liweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya meza, na miguu ya meza iwe mbali na ukuta kwa kiganja kizima. Kagua kila mwezi, mvua zikianza kagua kila wiki. Ukikuta kijia chembamba cha udongo kikipanda mguu wa meza, usikifute papo hapo. Andika saa, andika kimefika urefu gani, kisha chukua fagio.